Kambi za kiangazi za vyuo vya Marekani: soma hapa kabla hujauza kiwanja

Ikifika Januari, wazazi huanza kunitumia picha za barua kwa WhatsApp. Barua zenyewe zinafanana. Juu kuna nembo yenye ngao, chini yake jina la mtoto kwa herufi nene, kisha pongezi: mwanao ameteuliwa kujiunga na programu ya viongozi wa kesho, wiki mbili ndani ya chuo kikuu maarufu Marekani au Uingereza, nafasi ni chache, jibu kabla ya tarehe fulani. Bei iko ukurasa wa tatu. Swali la mzazi huwa ni lile lile: "Mwalimu, hii ni kweli?"

Ni kweli kwa maana kwamba kambi ipo, bweni lipo, na mtoto akilipa atapokelewa. Ila najua mzazi haulizi hilo. Anauliza kama mwanawe ameonekana. Kama huko mbali kuna mtu amesoma matokeo yake, akasema huyu ana kitu. Ni swali la mapenzi na linastahili jibu la kweli, hata pale jibu linapouma. Nafundisha fizikia na hisabati sekondari, na sehemu ya kazi yangu isiyoandikwa popote ni kuwaandikia wanafunzi barua za mapendekezo. Mambo haya nimeyafuatilia kwa muda mrefu, kwa hiyo nayaandika hapa yote mahali pamoja, ili mwakani nikiulizwa niwe na cha kumtumia mzazi asome kwa utulivu.

Kwanza hilo neno "ameteuliwa". Mara nyingi hakuna aliyemteua. Mtoto akijisajili kwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, na kukubali taarifa zake zitumiwe, au akijaza fomu ya "pata habari za ufadhili" kwenye tovuti yoyote, jina lake linaingia kwenye orodha, na orodha hizo hufika kwa wenye kambi. Barua iliyomfikia mwanao imewafikia maelfu ya watoto wengine siku hiyo hiyo, ikiwa na pongezi zile zile. Kambi inayochagua kweli haimpongezi mtu kabla hajaomba. Inakaa kimya, inasubiri insha yako.

Pili, biashara yenyewe. Mwaka wa masomo Marekani unaisha Mei, wanafunzi wa shahada wanarudi makwao, na hadi mwishoni mwa Agosti mabweni, kumbi za chakula na maabara hubaki tupu huku gharama za kuyatunza zikiendelea. Harvard imekuwa na shule ya kiangazi tangu 1871. Leo Harvard, Brown, Columbia, Stanford, Yale na wengine wengi hufungulia wanafunzi wa sekondari milango wakati huo, kwa ada. Kambi ya Harvard ya wiki mbili ni zaidi ya dola 5,000. Ile ndefu ya wiki saba, pamoja na malazi na chakula, inavuka dola 10,000. Yale Young Global Scholars ni wiki mbili kwa zaidi ya dola 6,000, ingawa Yale wana msaada wa ada kwa familia zenye uhitaji na wanautoa hata kwa watoto wa nje ya Marekani.

Jambo ambalo mzazi halioni kwenye barua ni kwamba wanaopokea maombi ya kiangazi na wanaopokea maombi ya shahada ni ofisi mbili tofauti. Vyuo vyenyewe huandika wazi kwenye kurasa zao za maswali kwamba kuhudhuria kiangazi hakumpi mtoto upendeleo wakati wa udahili. Sentensi hiyo ipo, ni fupi, na imewekwa chini kabisa baada ya picha za vijana wanaocheka kwenye nyasi. Itafute kwanza, kabla hujasoma kitu kingine.

Oxford na Cambridge mambo yamejificha zaidi. Kampuni binafsi hukodi vyumba na kumbi za vyuo wakati wa likizo, huajiri walimu wao, na cheti hutolewa na kampuni. Mtoto amelala Oxford kweli, amepiga picha kwenye ukumbi wa kale kweli, lakini Chuo Kikuu cha Oxford hakimjui. Kambi ambayo chuo chenyewe kinaiendesha, UNIQ, ni bure, na ni ya wanafunzi wa shule za serikali za Uingereza. Kabla yake kulikuwa na zile za shirika la hisani la Sutton Trust, zilizoanzishwa 1997 na Peter Lampl kwa watoto wa familia za kipato cha chini ambao hawakuwahi kudhani chuo kama hicho ni chao. Nazo ni bure. Zote mbili hazituhusu sisi wa huku. Nazitaja kwa sababu ukishaona kwamba zile ambazo wenyewe wanazithamini ni za bure, utaanza kuelewa mambo yalivyo.

Tuje kwenye shilingi. Chukua dola 6,000 za kambi. Weka nauli ya ndege. Weka viza dola 185, ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Kama masomo ni ya saa 18 au zaidi kwa wiki, kwa kawaida inatakiwa viza ya mwanafunzi, na hapo unaongeza dola 350 za usajili wa SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Bima, pesa ya mfukoni, safari za ubalozini kwa anayetoka Songea au Bukoba. Tunakaribia shilingi milioni 20 kwa siku kumi na nne. Fedha hiyo inalipa ada ya shahada nzima ya miaka mitatu katika chuo kikuu cha umma hapa nyumbani na bado inabaki nyingi. Familia yenye uwezo huo bila kutetereka, na yenye binti anayetaka kutumia wiki saba kusoma Kichina au kemia kwa undani, simzuii mtu. Atajifunza. Ninachokipinga kwa nguvu zangu zote ni ile hali ya baba kukopa kwenye Saccos, mama kuuza kiwanja, na ukoo mzima kuchangishwa kwa imani kwamba wiki mbili hizo ni mlango wa Harvard. Si mlango.

Inasaidia kujua kwa nini imani hiyo imeenea hata kwa Wamarekani wenyewe. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walichapisha utafiti kuhusu vyuo vinavyochagua sana Marekani. Waligundua kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuishia kusoma katika vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kati mwenye alama zile zile za mtihani. Sehemu ya sababu ni mambo yasiyo ya darasani: shughuli, vyeo, sifa za maisha nje ya masomo. Wenye fedha wameelewa hivyo, basi wananunua shughuli, na kambi za kiangazi ni mojawapo ya vitu wanavyonunua. Sisi tukiingia kwenye mnada huo tunashindana na watu ambao dola 6,000 kwao ni matumizi ya wikiendi.

Sasa nije kwenye upande ninaoupenda, maana Marekani hiyo hiyo imezaa pia kambi ambazo mimi kama mwalimu natamani kila mtoto azipate hata mara moja.

Arnold Ross alikuwa mwanahisabati aliyezaliwa Chicago mwaka 1906 na kukulia Odessa. Kiangazi cha 1957, miezi michache kabla Wasovieti hawajarusha setilaiti yao ya kwanza, Sputnik, alianzisha kambi ya vijana katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Baadaye aliihamishia Ohio State, na aliendelea nayo hadi uzeeni kabisa. Alifariki 2002 akiwa na miaka 96. Kambi ipo hadi leo. Somo lake ni moja, nadharia ya namba, kwa wiki kadhaa mfululizo. Kijana anapewa karatasi ya maswali kila siku, na maswali ya mwanzo yanaonekana ya darasa la sita. Thibitisha kwamba hasi mara hasi ni chanya. Mtoto anacheka, kisha anashika kalamu, kisha anagundua kwamba tangu aanze shule aliambiwa tu na hajawahi kuambiwa kwa nini. Ross alikuwa akiwahimiza wafikiri kwa kina kuhusu mambo mepesi. Nimewahi kuwapa swali hilo wanafunzi wangu wa kidato cha tano, walio bora kabisa, na darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sijaisahau. Walikuwa wanajua kutumia kanuni kwa kasi ya ajabu. Hakuna aliyekuwa ameombwa kuitetea.

Nyingine ni Summer Science Program. Ilianza 1959 katika shule moja ya bweni iitwayo Thacher, pale Ojai, California, katika miaka ile ya hofu ya Sputnik. Waanzilishi waliona wanafunzi wao wenye vipaji wakichoshwa na sayansi ya kukariri, wakaamua kuwapa kazi moja ya kweli. Kazi hiyo ni kutafuta njia ya mwamba mdogo wa angani unaolizunguka jua, yaani asteroidi.

Naomba nieleze inavyofanyika, kwa sababu hapa ndipo tofauti ilipo. Usiku vijana wanaelekeza darubini kwenye kipande kimoja cha anga na kupiga picha kadhaa. Nyota zote zinabaki pale pale. Nukta moja inasogea. Hiyo ndiyo asteroidi. Wanapima mahali ilipo kwa kuilinganisha na nyota zinazojulikana, wanarudia usiku mwingine, na mwingine. Wakishapata angalau nafasi tatu, wanaingia kwenye hesabu aliyoibuni Carl Friedrich Gauss mwaka 1801, alipokuwa na umri wa miaka 24, ili kuitafuta tena asteroidi Ceres iliyokuwa imepotea nyuma ya mwanga wa jua. Kutoka vipimo vitatu vya anga unapata namba sita zinazoeleza njia nzima: ukubwa wake, umbo lake, namna ilivyoinama, na mahali kitu kilipo ndani yake. Kizazi cha kwanza walifanya kazi hiyo kwa mashine za kukokotoa za mkono. Siku hizi wanaandika programu zao za kompyuta. Vipimo vyao hupelekwa Minor Planet Center, kituo kinachohifadhi kumbukumbu za asteroidi za dunia nzima, na vinatumika.

Mtoto wa miaka 16 amepima kitu ambacho jibu lake halipo nyuma ya kitabu. Akikosea, hakuna mwalimu wa kumwekea alama ya mkasi. Anga yenyewe inamkatalia, na anapaswa kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka aone alipoteleza. Waliopitia pale hawakusahau. Franklin Antonio, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Qualcomm, alihudhuria akiwa kijana, na alipofariki aliiachia programu hiyo fedha katika wosia, takriban dola milioni 200.

Ziko nyingine za aina hiyo. Telluride Association imekuwa ikiwakusanya vijana kwenye semina za kiangazi tangu 1954, kusoma na kujadiliana kuhusu historia, fasihi na siasa, na kuendesha wenyewe nyumba wanamoishi. Masomo, malazi na chakula ni bure, na wa nje ya Marekani wanaruhusiwa kuomba. Research Science Institute, inayofanyika MIT, chuo maarufu cha teknolojia, ilianza 1984 kwa juhudi za Admirali Hyman Rickover, yule aliyejenga nyambizi za nyuklia za Marekani. Vijana wachache sana, utafiti halisi chini ya mwanasayansi, bila ada. MITES, pale pale MIT, tangu 1975, nayo bure, kwa raia na wakazi wa kudumu wa Marekani. Ndugu zetu walioko Minneapolis, Columbus au Dallas wenye kadi ya kijani, hiyo ni yenu, waulizeni walimu wa watoto.

Nao wasikose kuijua Upward Bound. Hii ni ya serikali kuu, ilizaliwa 1965 katika vita vya Rais Lyndon Johnson dhidi ya umaskini. Inachukua watoto wa familia za kipato kidogo, au ambao wazazi wao hawakusoma chuo, inawafundisha mwaka mzima, na kiangazi inawapeleka kuishi chuoni kwa wiki kama sita. Mwigizaji Viola Davis, aliyekulia katika ufukara mkubwa mjini Central Falls, Rhode Island, alipita humo. Haina nembo ya kuringia, haiandikwi magazetini. Ni kambi iliyoanza na swali la nani ameachwa nje, na mimi naiheshimu kuliko zote.

Ukiziweka pande mbili hizi pamoja, maswali ya kuuliza yanajitokeza yenyewe. Nani anachagua, na kwa kitu gani? Kambi inayotaka insha tatu, barua za walimu wawili na maswali ya hisabati yanayomlaza mtoto saa nane usiku inatafuta mtu. Inayotaka namba ya kadi ya benki inatafuta kadi. Nani analipa? Kukiwa na mfadhili, wakfu au serikali, mtoto ndiye anayehudumiwa. Kukiwa na mzazi peke yake, mzazi ndiye mteja, na mteja huambiwa anachotaka kusikia. Halafu liko swali ninalolipenda kuliko yote: siku ya nne, saa nne asubuhi, kijana anafanya nini? Waandikie uwaulize. Wakikujibu kwa maneno kama uongozi, mtandao, uzoefu wa kubadilisha maisha, na ziara ya jiji, umepata jibu. Wakikujibu kwamba atakuwa anatatua karatasi namba nne ya maswali pamoja na wenzake, nalo ni jibu.

Kuna jambo la kalenda ambalo barua hizo hazilijui na wazazi hulikumbuka wakiwa wameshalipa. Kiangazi cha Marekani ni Juni hadi Agosti. Mwanafunzi wa Kenya wakati huo yuko katikati ya muhula wa pili. Wa Tanzania wa kidato cha kwanza hadi cha nne ana likizo fupi ya Juni, kisha Julai yuko darasani. Aliyechaguliwa kidato cha tano anatakiwa kuripoti shuleni Julai hiyo hiyo. Aliyemaliza kidato cha sita Mei angekuwa huru, ila huyo anaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kambi nyingi za huko hazimpokei aliyekwisha kumaliza sekondari. Mtoto wetu aliye huru kwa muda mrefu ni yule aliyemaliza kidato cha nne Novemba, anayesubiri hadi Julai. Miezi saba! Na miezi yake saba inaangukia wakati ambao Marekani kuna baridi na kambi zimefungwa.

Kwa hiyo tugeuze macho. Bara hili lina kambi zake, na baadhi zimewafikisha vijana kule kule ambako barua za pongezi zinaahidi.

Yale walianzisha 2014 tawi la Afrika, Yale Young African Scholars. Lilifanyika Ghana, Rwanda na Zimbabwe, bila ada, na sehemu ya mafunzo ilikuwa namna ya kuomba vyuo na ufadhili, kitu ambacho mtoto wa shule ya kata hana wa kumwelekeza. Jina ni lile lile la Yale lililoko kwenye kambi ya zaidi ya dola 6,000.

Addis Ababa kuna AddisCoder. Jelani Nelson, aliyezaliwa Marekani kwa mama wa Kiethiopia na kukulia Visiwa vya Virgin, alikuwa anamalizia shahada ya uzamivu MIT mwaka 2011 alipokwenda Addis kufundisha wanafunzi wa sekondari za serikali kuandika programu na algoriti, bure, wiki nne. Wengi wa waliokuja hawakuwa wamewahi kuandika mstari mmoja wa programu. Akarudi tena, akaleta wenzake, na kambi ikakua. Leo Nelson ni profesa Berkeley, waliopita mikononi mwa AddisCoder ni mamia, wako waliofika Harvard na MIT, na mwaka 2022 mfano huo huo ulipelekwa Jamaika kwa jina la JamCoders. Jamaa mmoja mwenye maarifa na likizo, darasa lenye kompyuta, watoto waliochaguliwa kwa uwezo wao. Hakuhitaji nyasi za Cambridge.

Kenya kuna KenSAP, iliyoanza 2004 kwa ushirikiano wa mwandishi wa Kimarekani John Manners na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Olimpiki ya 1972. Walianza kwa kuchagua vijana wa Bonde la Ufa waliofanya vizuri kabisa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakawaweka kambini Iten, mji wa wakimbiaji, wakawafundisha mtihani na uandishi wa insha, kisha wakawasimamia kwenye maombi. Wengi wamepata ufadhili kamili kwenye vyuo ambavyo wazazi wao hawakuwahi kuvisikia. Na Equity, ile benki, tangu 1998 imekuwa ikiwachukua waliofaulu sana na kuwapa kazi ya malipo katika matawi yake katika ile miezi ya kusubiri chuo. Maseno nako, tangu 2011, kumekuwa na kambi ya hisabati ya wiki moja ambamo watoto wanacheza na mafumbo, takwimu na kompyuta bila mtihani wowote mwishoni.

Sisi Tanzania ile miezi saba tunaifanyia nini? Tuna pre-form five. Kila mwenye mtoto anajua: mtihani wa NECTA ukiisha, mabango yanapanda, bweni linafunguliwa, na kuanzia Januari au Februari mtoto anasomeshwa sura za kwanza za kidato cha tano kabla hata hajajua kama atachaguliwa na kwa tahasusi gani. Hata aliyemaliza la saba ana pre-form one yake. Ninawaelewa wazazi, mtoto akikaa nyumbani miezi saba anaharibika au anatumwa dukani mpaka anasahau kalamu. Lakini inanisikitisha. Umri ambao akili ya mtoto iko wazi kuliko wakati wowote, hana mtihani mbele yake, hana silabasi inayomkimbiza, na sisi tunamwanzishia silabasi nyingine mapema ili aikimbie mara mbili.

Mwalimu mwenzangu wa Tanga nami tuliamua kujaribu kitu kingine na kikundi kidogo cha waliomaliza kidato cha nne, yeye kwake na mimi kwangu Dar es Salaam. Kazi ilikuwa moja: pimeni mzingo wa dunia kwa fimbo. Ni njia ya Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Aleksandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Tanga iko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Dar es Salaam, na hiyo ni bahati kubwa kwa kazi hii. Unasimamisha fimbo ya mita 1 wima kabisa katika miji yote miwili, unasubiri adhuhuri ya jua, ile dakika ambayo kivuli ni kifupi kuliko vyote, unapima kivuli. Februari kivuli cha Tanga ni kirefu kuliko cha Dar kwa sentimita 3 hivi. Kutoka vivuli unapata pembe mbili, tofauti yake haifiki hata nyuzi 2, na ukijua umbali kati ya miji unaipata dunia nzima.

Siku ya kwanza wengi walidhani ni kazi ya saa moja. Kisha akatokea wa kuuliza umbali tunautoa wapi, na mwingine akasema barabarani kwa basi ni kilomita mia tatu na kitu. Jibu likatoka dunia kubwa karibu mara mbili ya ilivyo. Hapo ndipo mjadala ulipowaka. Basi linapita Chalinze na Segera, linazunguka; jua halizunguki. Walichukua ramani, wakapima mstari ulionyooka, wakapata kilomita zinazokaribia 190. Jibu lilisogea lakini bado halikuwa sawa, kwa hiyo wakaanza kuishuku fimbo. Binti mmoja alitengeneza timazi kwa uzi na jiwe, na ikaonekana fimbo yetu ilikuwa imeinama. Wengine wakagundua kwamba ncha ya kivuli haina ukingo mkali, inafifia, na kwamba kila mtu alikuwa anaipima kwa jicho lake. Kosa la nusu sentimita kwenye mchanga lilikuwa linahamisha maelfu ya kilomita duniani. Wakabishana na wa Tanga kwa simu hadi salio likaisha. Mchana wa siku iliyofuata hakuna aliyehitaji kuitwa.

Gharama yake ilikuwa fimbo, futi kamba, uzi na vocha. Sidai kwamba ni sawa na darubini ya California. Ila saa nne asubuhi ya siku ya nne, nilijua hasa kila kijana alikuwa anafanya nini, na mmoja wao alipokuja baadaye kuniomba barua ya mapendekezo kwa ajili ya kambi ya nje, niliijaza kurasa mbili bila kutafuta maneno.

Kwa wanaotaka kuomba zile za bure za Marekani, nyingi hufungua maombi kati ya Oktoba na Desemba na kufunga kati ya Desemba na Machi, kwa hiyo anayeanza Aprili amechelewa. Insha mwachie mtoto aandike mwenyewe, hata Kiingereza chake kikiwa na makosa. Msomaji wa huko amesoma insha nyingi zilizoandikwa na watu wazima na anazitambua. Mwalimu mpe mwezi mzima kwa ajili ya barua, na umwambie mtoto amkumbushe kwa heshima, maana tuna madarasa ya watoto themanini. Kama ukurasa wa malipo unakuja kabla ya ukurasa wa maswali, funga.

Februari ijayo tunarudia kipimo. Tanga wameshakubali. Tunamtafuta mwalimu wa Mombasa mwenye vijana waliomaliza KCSE, kwa sababu Mombasa nayo iko karibu kwenye mstari huo huo wa kaskazini, na kati yake na Dar es Salaam tofauti ya pembe inakaribia nyuzi 3. Kosa la fimbo litakuwa dogo zaidi. Uwanja usio na miti unatosha. Timazi tutatuma kwa basi.